Sindano ya Pili

“Hivi jirani, wewe mwavuli huufungua lini? Mvua ikitanda, au ukishalowa?”

Swali hilo Sajini aliulizwa miaka mingi iliyopita na mama wa mlango wa pili, siku aliyorudi kazini ametota kuanzia kitambaa cha kichwani hadi soksi, na mwavuli mpya ameubana kwapani, mkavu kabisa. Alikuwa anauonea huruma usichakae. Mama yule alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, Sajini naye akacheka, maneno yakapita. Lakini kuna maswali hayapotei. Hukaa mahali kama sindano iliyosahauliwa kwenye godoro, yakingoja siku yake.

Siku yenyewe ilikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika wodi ya wanawake waliopasuliwa. Mbele ya Sajini alikaa muuguzi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, mfano wa mtoto anayengoja kuchanjwa. Wagonjwa walimwita Taratibu, kwa sababu hapakuwa na jambo alilolifanya bila kulisoma mara mbili. Ofisini, mezani kwa Matroni, mkuu wa wauguzi, ilikuwepo barua ya kumsimamisha kazi, imeshatiwa saini. Lililobaki lilikuwa la polisi.

“Una hadi saa kumi,” mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Sajini. “Ukikuta amemdhuru mgonjwa, njoo naye. Usipokuta, njoo na sababu.”

Shauri lenyewe halikuwa refu. Jumanne, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alipasuliwa kutolewa mawe ya nyongo. Kazi ikaisha salama. Alipoamka na maumivu akachomwa sindano, muda si muda akaanza kutapika. Akachomwa sindano ya pili, na dakika tano hazikuisha, mshono wa tumboni ukafumuka. Alirudishwa mbiombio chumba cha operesheni akashonwa upya, na kwa rehema za Mungu alikuwa hai, kitanda cha sita. Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa amesimama pale pale akishuhudia. Alikwenda kituoni na neno moja tu mdomoni: sumu.

“Sindano ya kwanza,” Sajini alisema, daftari gotini.

“Mofini, ya maumivu. Saa nane na dakika tano.”

“Ya pili?”

“Ya kichefuchefu. Saa nane na thelathini na tano.”

“Na katikati?”

“Katikati alitapika mara nne. Beseni nilishika mimi.”

“Vichupa vyake viko wapi?”

Taratibu alimpeleka kwenye sanduku la njano la sindano zilizotumika. Sajini mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa karatasi na saini Jumanne jioni, na karatasi haikuwa imechanwa. Akavaa glavu, akamwaga vilivyomo kwenye sinia la chuma, akatenga vichupa viwili. Akasoma jina la dawa, akasoma tarehe, akalinganisha namba na zile zilizo kwenye maboksi kabatini. Kila kitu kilikubaliana. Dawa ya kichefuchefu ilikuwa dawa ya kichefuchefu.

“Wewe na fundi mlijuana kabla?” aliuliza, akivua glavu kidole kwa kidole.

Taratibu alitazama chini. “Alinishonea gauni.”

“Likawaje?”

“Likachelewa. Harusi ya mdogo wangu nilikwenda na sare hii hii. Wageni walidhani nimekuja kumpima bwana harusi presha.”

“Ukakasirika.”

“Mwezi mzima, Afande. Kisha akaniletea mwenyewe nyumbani, ameongeza na mifuko bila kuombwa. Nani atamchukia mtu aliyemtilia gauni mifuko?”

Sajini aliandika “gauni”, akaweka alama ya kuuliza pembeni, akatoka.

Kaka wa mgonjwa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amekaa kwenye ncha kama anayetaka kushuka kituo kinachofuata. Mtu mpana, macho mekundu ya kukosa usingizi siku mbili.

“Afande, unamhoji yule au mnapiga soga? Nimesikia mambo ya harusi.”

“Soga nayo hutoa maneno, baba. Dada yako Jumanne alikula nini?”

“Hakula. Walimkataza tangu usiku.”

“Hata kidogo?”

Dereva akajikuna shingo. “Mke wangu alimpa chai, vijiko viwili. Usimtie kwenye daftari.”

Kalamu ya Sajini ilisimama. “Vijiko hivyo alimpa kabla hajatapika, au baadaye?”

“Baadaye. Alikuwa anajaribu kumsuuza koo. Wifi yake anampenda kuliko anavyonipenda mimi.”

Sajini akafuta neno “chai” kwa mstari mmoja. “Ni mtu wa kuumwa tumbo, dada yako?”

“Tumbo lake chuma, pombe wala sigara hagusi. Labda garini.”

“Garini amefanyaje?”

“Tangu tuko wadogo. Kona tatu tu, anaomba mfuko.” Kidogo uso ulimlegea. “Mimi dereva, Afande, miaka kumi na tisa, na ndugu yangu wa tumbo moja hajawahi kupanda lori langu akafika na chakula alichoondoka nacho. Hata alipojifungua kwa operesheni alitapika siku mbili. Marehemu mama alisema, bahati mtoto alishatoka, angetapikwa naye.”

“Wakati ule alichomwa nini?”

“Sindano ya maumivu. Kama hii.” Kisha akakunja ngumi. “Lakini ile hawakumwongezea ya pili. Ya pili ndiyo iliyompasua. Nimeiona kwa macho yangu haya.”

“Sijakataa kwamba umeiona,” Sajini alimwambia.

Kitanda cha sita kilikuwa karibu na dirisha. Fundi alikuwa amelala chali, mto mdogo umefungwa juu ya tumbo kwa kanga, midomo imekauka. Paji la uso lilimeta jasho ingawa chumba kilikuwa na ubaridi.

“Pole, fundi.”

“Nimeshapoa.” Sauti ilikuwa nyembamba. “Afande, miaka ishirini nashonea watu. Wanene, wajawazito, wacheza ngoma. Hakuna mshono wangu hata mmoja uliofumuka mwilini mwa mtu. Hawa wamenishona mara moja tu, ukafumuka.”

Sajini alikaza midomo asicheke, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe kucheka kungemuumiza. “Yule muuguzi alikuchoma kwa hasira?”

“Taratibu? Alinikandamizia mto tumboni, akanishika kichwa, akanipangusa mdomo kila nikimaliza. Kama huyo ni muuaji, basi ni muuaji anayebembeleza.”

“Sasa unaumwa?”

“Sana.”

“Hawajakupa dawa?”

“Nimeikataa.” Fundi akafumba macho. “Ile ya maumivu siitaki tena maishani. Maumivu iliyaondoa, siongopi, ikanipa kitu kingine kibaya zaidi. Bora nivumilie. Maumivu hayakufumui nyuzi.”

Sajini alimwekea shuka vizuri mabegani.

Matroni alikuwa ofisini, nyuma ya meza isiyokuwa hata na chembe ya vumbi. Miaka thelathini na moja ya kazi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hakumpenda polisi katika wodi yake, wala hakuficha.

“Naomba daftari la dawa, Matroni. Mwezi huu wote.”

Matroni alilifungua, akalisukuma upande wa Taratibu aliyekuwa amesimama mlangoni. “Msomee. Mimi nina haraka.”

Akaketi, akakunja mikono kifuani, wala hakwenda popote. Sajini alilitupia hilo jicho, akaliweka akilini.

Taratibu alisoma. Wagonjwa kumi na mmoja walipewa mofini mwezi ule. Wanane walitapika. Hao wanane wote walichomwa sindano ya kichefuchefu, na kila mmoja saa yake iliandikwa baada ya saa ya kutapika, bila kukosea hata mara moja.

“Na wale watatu ambao hawakutapika?”

“Hawakupewa,” Taratibu alijibu.

“Kwa nini?”

Matroni ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mwalimu aliyeulizwa mbili na mbili. “Ukuta unasemaje?”

Hapo wodini kila kitu kilikuwa ukuta umesema, ukuta haujasema. Ukuta wenyewe ulikuwa ubao mweupe uliotundikwa kwa msumari juu ya kabati la dawa mle ofisini, umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zilizonyooka kama askari kwenye gwaride. Sajini alisogea akausoma. Mstari wa nne: *Mgonjwa wa mofini apewe sindano ya kichefuchefu akitapika.*

“Mwandiko mzuri,” alisema.

“Wangu. Daktari wa usingizi alileta karatasi miezi minane iliyopita. Mwandiko wake utadhani kuku amekanyaga wino. Nikasema niwaandikie wasichana wangu, wasipate shida. Na dawa, Afande, hapewi asiyeumwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofundisha.”

“Karatasi yenyewe ipo?”

“Nilishaiandika, ya nini kuiweka?”

Sajini alishukuru, akavuka ua uliopandwa maua mekundu, akaingia wodi ya wanaume. Alimkuta muuguzi wa makamo anakunja mashuka, akiimba kwa pua.

“Kaka, mabeseni yenu ya kutapikia yako wapi?”

“Juu ya kabati, dada yangu. Tazama kichwa, yana vumbi yatakuangukia.”

Sajini akainua macho. Kweli, yalikuwa yamepangana, la juu lina utando wa buibui. “Wanaume hawatapiki?”

“Hutapika kama binadamu. Lakini wengi tunawawahi.”

“Mnawawahi vipi?”

Yule muuguzi akaweka shuka chini, akafungua mlango wa kabati la dawa. Kwa ndani ilibandikwa karatasi, nakala ya mkono, imegeuka njano pembeni. “Tunafuata hii. Daktari wa usingizi alileta mbili, moja kwetu, moja kwa kina Matroni. Kuisoma ni kazi. Mimi ilinichukua siku nzima.”

Sajini alivaa miwani yake ya kusomea. Akaisoma. Akairudia polepole, herufi moja baada ya nyingine, kidole chini ya mstari wa nne. Kidole kikasimama.

“Naiomba kwa saa moja. Nitaileta mwenyewe.”

Daktari wa usingizi, Sajini alimkuta nje ya chumba cha operesheni, kitambaa cha mdomoni kimeteremka kidevuni, chupa ya maji mkononi. Kijana bado, mwenye usingizi kuliko wagonjwa wake.

“Daktari, nieleze kama unavyomweleza bibi yako. Sindano ya kichefuchefu huchomwa lini?”

“Kabla, bibi. Samahani. Afande.”

“Bibi inatosha. Kwa nini kabla?”

“Mofini inatuliza maumivu, ila ikishaingia mwilini inakwenda pia kugusa ile sehemu ya kichwa inayoamuru kutapika. Ukiufunga mlango mapema, mgonjwa analala zake. Ukingoja aanze, unamkimbiza mwizi aliyeshafika kona na godoro lako. Utamkamata, lakini godoro limeshachafuka.”

“Na wote hutapika?”

“Si wote. Kuna maswali manne tunajiuliza. Ni mwanamke? Havuti sigara? Hutapika garini? Alishawahi kutapika baada ya operesheni? Kila ndiyo inaongeza hatari. Kwa hiyo kwenye karatasi nilirahisisha, yeyote wa mofini achomwe na hii.”

Sajini alikunja vidole mbele ya uso wake. Mwanamke. Sigara hajawahi kugusa. Kona tatu, anaomba mfuko. Siku mbili baada ya kujifungua. “Fundi wa kitanda cha sita ana yote manne.”

Daktari aliishusha chupa. “Na hakuchomwa kabla?”

“Alichomwa baada ya kutapika mara nne. Kutapika kwa nguvu kunaweza kufumua mshono mpya?”

“Kunaweza,” alisema kwa sauti ndogo. “Mgonjwa anajikamua tumbo lote.”

“Ulijua kwamba wodi ile hutapika sana kuliko ya wanaume?”

“Nilijua.”

“Hukuuliza?”

Alitazama sakafu. “Nilisema ni wanawake.”

Sajini aliiona tena siku ile ya zamani, mvua, na mwavuli mkavu kwapani. Akaikunja karatasi akarudi.

Saa tisa na nusu walikuwa wanne ofisini kwa Matroni. Matroni alikalia kiti chake, Taratibu akasimama pembeni ya kabati, dereva akaegemea mlango kama mwenye kuzuia mtu asikimbie. Barua bado ilikuwa mezani.

“Baba,” Sajini alimwanza dereva, “mshono ulifumuka saa ngapi?”

“Saa tisa kasoro ishirini. Niliangalia saa.”

“Sindano ya pili?”

“Dakika tano kabla. Ndiyo ninayosema siku zote.”

“Na kutapika kulianza lini?”

“Nane na ishirini hivi.”

“Kwa hiyo alitapika robo saa nzima, mara nne, mshono mpya, kabla sindano ya pili haijamgusa.”

Dereva alihesabu dakika kwa vidole.

“Lori likiishiwa breki kilimani,” Sajini aliendelea, “ukakanyaga, ukakanyaga, mwishoni likagonga ukuta. Utasema kukanyaga kwa mwisho ndiko kulikogonga?”

“Hapana.” Ilimtoka polepole. “Breki zilishakufa juu.”

“Ile sindano ilikuwa breki. Vichupa nimevikagua, ni dawa halali. Ilichelewa tu kufika. Na huyu hakuichelewesha kwa kupenda, wala kwa gauni. Alifuata ukuta.”

“Na ukuta una kosa gani?” Matroni aliuliza.

Sajini akaifungua karatasi, akailaza mbele yake. “Hii ni pacha wa ile uliyopewa. Mstari wa nne, Matroni. Tafadhali.”

Matroni aliichukua, akaipeleka mbali mpaka mkono ukaishia. Akasoma kwa sauti kavu, na macho yake hayakutembea popote. “Mgonjwa wa mofini apewe sindano ya kichefuchefu akitapika. Si ndivyo nilivyosema?”

“Baba, wewe unasoma vibao vya barabarani usiku na mvua. Hebu nisaidie.”

Dereva alisogea, akainama juu ya bega la Matroni. Akakunja uso. “Mgonjwa wa mofini… apewe sindano ya kichefuchefu… asi…” Akarudia. “Asitapike.”

Taratibu aliinua macho kwenye ubao.

“Asitapike,” dereva alisema tena, kama anayelionja. “Ni ile kwamba apewe ili asitapike. Siyo angoje atapike.”

“Ni *k*,” Matroni alisema. “Akitapika.”

“Ni *s*, mama. Ina mkia mrefu, lakini ni *s*. Na mwisho pale ni *e*.”

Herufi mbili. Taratibu alikuwa ametazama ubao, midomo ikihesabu kimya, na Sajini alijua anahesabu nini. Miezi minane.

“Lete,” Matroni alisema, ingawa karatasi alikuwa nayo mwenyewe. Akaisogeza karibu. Akaipeleka mbali. Akairudisha karibu.

Sajini alivua miwani yake ya kusomea, akaiweka mezani, si mbele ya Matroni hasa, ila mahali ambapo mkono wake ungeifikia. Kisha akageuka kufunga kifungo cha mkoba ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Ukumbini mtu alipitisha kitoroli chenye gurudumu linalolia.

“Dada,” dereva alimwambia Taratibu, akiliangalia kabati, “nilisema sumu. Nilisema mbele ya watu.”

“Ulisema ulichokiona.”

“Sikukiona chote.”

“Hata mimi nilikuwa nakiona,” Taratibu alimjibu. “Kila siku nakisoma. Mara mbili mbili.”

Sajini alipogeuka, Matroni alikuwa na miwani usoni. Alikuwa ameumaliza mstari wa nne zamani. Sasa alikuwa anautazama ubao wake, zile herufi nyekundu zilizonyooka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu wa umri wake.

“Yule fundi,” aliuliza, “bado anakataa dawa ya maumivu?”

“Anavumilia,” Sajini alisema.

“Tangu Jumanne?”

“Tangu Jumanne.”

Matroni alisimama. Aliichukua barua iliyokuwa mezani, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sare yake. Akafungua kabati la dawa, akatoa kichupa kimoja cha kichefuchefu na sindano mpya, akavipanga kwenye sinia dogo. Alipofikia mofini akasita, kisha akaiweka kando yake, akavuta daftari, akaandika mwenyewe dawa zote mbili na saa, ile ya kichefuchefu juu, mofini chini yake, akampa Taratibu kalamu atie saini ya shahidi. Taratibu akasoma mara mbili, akatia saini.

Kisha Matroni akanyoosha mikono juu, akauvua ubao kwenye msumari. Alama yake ilibaki ukutani, mraba mweupe kuliko rangi ya chumba. Aliubana ubao kwapani, maandishi yakitazama mbavu zake, akainua sinia kwa mkono wa pili. Dereva alijiondoa mlangoni kumpisha.

Matroni, miwani ya Sajini bado usoni, akatoka kuelekea kitanda cha sita.